UZI: Harusi ya Agosti 1453 ndiyo iliyoitumbukiza Uingereza kwenye Vita vya Waridi?

#1 Mzee wa Makabrasha

Wakuu salaam.

Kila nikifungua habari za Vita vya Waridi naambiwa ni ugomvi wa kiti cha enzi kati ya koo mbili: Lancaster na York, waridi jekundu na waridi jeupe. Mimi nabisha. Kabla hajajitokeza mtu wa kudai kiti, mamwinyi wa kaskazini walikuwa wameshakunjana mashati, na kilichowakunjanisha ni harusi.

Tarehe 24 Agosti 1453 Richard Neville, Earl wa Salisbury, alikuwa anarudi na familia yake kutoka ngome ya Tattershall, Lincolnshire. Yumo mkewe Alice, wamo wanawe Thomas na John, na yumo bibi harusi, Maud Stanhope, aliyeolewa na Thomas. Wanaelekea kwao Sheriff Hutton. Kufika Heworth, nje kidogo ya kuta za mji wa York, njia imezibwa. Anayewasubiri ni Thomas Percy, Lord Egremont, mtoto wa Earl wa Northumberland, miaka 30, na jeshi lake la kuokoteza. Mashtaka ya baadaye yalitaja watu 710 kwa majina.

Kwa nini harusi? Maud alikuwa mpwa wa Lord Cromwell, mmoja wa warithi wake, na Cromwell hakuwa na mtoto. Mikononi mwa mzee huyo zilikuwepo Wressle na Burwell, mali zilizokuwa za akina Percy mpaka waliponyang'anywa baada ya kumwasi mfalme mwaka 1403. Miaka yote hiyo Percy wanasubiri kurudishiwa chao. Sasa wanaona zinaelekea kwa Neville, mahasimu wao.

Swali langu: bila harusi ile, vita vingekuja? Karibuni tutwangane kwa hoja.

#2 Kasuku wa Buguruni

Nimewahi siti ya mbele. Bwana harusi alipona?

#3 Mgeni wa Yorkshire

Mleta uzi, naishi York mwaka wa tisa sasa. Hiyo Heworth napita na basi kila asubuhi. Leo ni mtaa wa kawaida kabisa, nyumba za matofali mekundu, watu wanatembeza mbwa. Ukishuka hapo hutajua kama kuna Earl aliwahi kutolewa jasho.

Ila nikurekebishe kidogo kabla wengine hawajabeba juu juu. Vitabu vingi vinaiita "vita", lakini hakuna kumbukumbu ya mtu hata mmoja aliyekufa pale. Msafara ulifika Sheriff Hutton. Na baadhi ya hao 710 walikuwa wakazi wa York wenyewe, mafundi na wachuuzi, siyo askari.

#4 Kijiwe Nongwa

Watu 710 na hajafa mtu? Huo ni mkwara, siyo vita. Hata mechi ya mchangani ina majeruhi.

#5 Binti Pangani

Mbona hamsemi kubwa kuliko yote? Mama yake Egremont anaitwa Eleanor Neville. Ni dada yake huyo Salisbury, baba mmoja mama mmoja. Kwa hiyo kijana alimvizia MJOMBA wake, akitoka kumwozesha binamu yake.

Na Cecily, dada yao mwingine, ndiye mke wa Duke wa York, mkuu wa upande wa waridi jeupe. Hawa watu wote ni ukoo mmoja, walikuwa wanakula sahani moja.

#6 Kijiwe Nongwa

Subiri kwanza. Mjomba? Mjomba anayekutolea mahari kwetu, wewe unamsubiri njiani na shoka? Hapo sihitaji mwanahistoria, nahitaji mganga wa kuondoa laana.

#7 Shemeji wa Marangu

Mnacheka, lakini sisi tumeyaona. Mwaka 2011 kwetu kulikuwa na harusi, na upande mmoja wa ukoo haukutia mguu. Hawakugomba na bibi harusi. Ni kihamba. Babu aligawa kwa mdomo, wale wakaona kipande cha migomba karibu na mfereji kinaenda kwa watoto wa bibi mdogo. Siku ya send-off wakakata mti ukalala barabarani, magari yakazunguka kilomita nne. Hajafa mtu, #4, lakini mpaka leo misiba tunazikana kwa zamu.

Sasa mkitaka kuelewa akina Neville, waangalieni hivyo hivyo. Mzee wao Ralph, Earl wa kwanza wa Westmorland, alioa mara mbili na watoto walizidi 20. Mke wa kwanza alifariki, akaoa Joan Beaufort, binti wa John wa Gaunt, yaani dada wa mfalme Henry wa Nne kwa baba. Mke wa pili ana damu ya kifalme, unategemea nini? Mzee alipokufa 1425, jina la Westmorland lilibaki kwa mjukuu wa mke wa kwanza, lakini mashamba manono, Middleham, Sheriff Hutton na Penrith, yalikwenda kwa watoto wa Joan. Wa kwanza wao ni huyo huyo Salisbury. Watoto wa mke mkubwa walibaki na cheo kisicho na ugali. Kesi hiyo iliwatafuna mpaka 1443.

Kwa hiyo Salisbury hakuwa mgeni wa ugomvi wa mirathi. Alikuwa fundi.

#8 Daktari wa Zamu

Uzi mtamu, lakini mnazunguka mbuyu. Jibu ni moja: mfalme aliugua akili. Agosti 1453 Henry wa Sita alipigwa na ugonjwa akawa hasemi, hamtambui mtu. Mwanawe akazaliwa Oktoba, akaletewa, hakuinua hata jicho. Alikaa hivyo mpaka Krismasi ya 1454. Babu yake mzaa mama, Charles wa Sita wa Ufaransa, naye alikuwa na matatizo, aliamini mwili wake ni wa kioo. Nyumba isiyo na baba, watoto hupigana. Basi.

#9 Binti Pangani

Daktari, tarehe zinakukataa. Baraza la mfalme lilikuwa linamwandikia Egremont barua za kumwita na kumwonya tangu Juni 1453, mfalme akiwa mzima. Mwezi Julai zikaundwa tume za kutuliza kaskazini. Ugomvi ulitangulia, ugonjwa ukafuata.

#10 Daktari wa Zamu

Mzima kwa maana ya kutembea. Egremont alipuuza barua zote hizo. Barua ya baba mkali haipuuzwi. Mwanawe Henry wa Tano angewaita mara moja tu.

#11 Mgeni wa Yorkshire

Henry wa Tano ni BABA yake, Daktari. Punguza zamu za usiku.

#12 Daktari wa Zamu

Nimekubali kosa. Hoja haijafa lakini.

#13 Mhasibu Mstaafu

Hodi. Fuateni fedha. Mwaka 1449 Bunge liliambiwa mfalme anadaiwa pauni 372,000. Mapato yake ya kawaida kwa mwaka pauni 5,000, jiko na nyumba yake peke yake vinakula 24,000. Hiyo siyo serikali, ni duka la mtu aliyekopesha ndugu.

Sasa mpaka na Scotland ulilindwa na hao hao. Percy walishika upande wa mashariki, Neville upande wa magharibi kule Carlisle. Wanalipwa na hazina kuajiri askari. Hazina haina kitu, anayemjua mkubwa London ndiye anayelipwa kwanza, na Salisbury alikuwa anawajua wakubwa kuliko Percy. Nimefanya kazi ofisi moja miaka 31, naapa hakuna kinachowafanya wafanyakazi wenza wachukiane kama mmoja kulipwa malimbikizo na mwingine kuambiwa arudi Jumatatu.

#14 Wakili Msomi

Nimesoma zote. Mnakaa kaskazini tu kana kwamba kusini kulikuwa shwari. Nendeni Devon.

Pale kulikuwa na Thomas Courtenay, Earl wa Devon, na William Bonville. Mwaka 1437 Bonville alipewa usimamizi wa mali za mfalme Cornwall. Mwaka 1441 ofisi karibu ile ile ikapewa Courtenay! Barua mbili, kiti kimoja. Sisi tunaoshinda mahakamani tunajua hati mbili juu ya kiwanja kimoja huzaa nini.

Sasa sikilizeni yaliyompata mwenzetu Nicholas Radford. Wakili mzee, anaheshimika, alikuwa mshauri wa Bonville. Tena alikuwa baba wa ubatizo wa mmoja wa watoto wa Courtenay. Usiku wa 23 Oktoba 1455, Sir Thomas Courtenay, mtoto wa Earl, anafika nyumbani kwake Upcott na watu wapatao mia. Wanachoma lango. Mzee anaamka, anauliza dirishani ni nani. Kijana anamjibu kwa kiapo cha kiungwana kwamba hatadhurika, afungue tu waongee. Mzee anafungua, anashika mwenge. Kijana anasimama naye, anaongea, anakunywa mvinyo wake. Huku nyuma watu wake wanabeba fedha, wanabeba vyombo, wanachukua farasi. Mke wa Radford alikuwa mgonjwa kitandani. Walimbiringisha chini wapate shuka.

Kisha wakamwambia, twende kwa baba. Mzee anasema nitapanda nini, farasi mmechukua. Atembee. Hajafika mbali na lango lake, kijana akatia farasi mbio akatangulia, na wapambe wake wakamkata mzee pale pale njiani.

Haijaisha. Baadaye wakarudi, wakiongozwa na Henry Courtenay, yule mtoto wa ubatizo. Wakafungua uchunguzi wa kifo wa kuigiza, mmoja akajifanya ofisa wa uchunguzi, wakapitisha hukumu kwamba mzee AMEJIUA. Wakawalazimisha watumishi wake kubeba maiti kanisani huku wanaimba. Wakamtupa kaburini uchi, wakamwangushia juu yake mawe aliyokuwa amejiandalia ya kaburi lake, mwili upondeke asiwezekane kukaguliwa tena.

Angalieni kitu kimoja: wauaji hawakuikimbia sheria. Waliiigiza hatua kwa hatua. Kwangu mimi hapo ndipo ugonjwa ulipo. Mahakama ilikuwa silaha mojawapo ya ugomvi. Baraza la wazee wa hukumu unalinunua, ofisa wa wilaya ni mtu wako, na asiyekuwa na mkubwa nyuma yake hana kesi.

#15 Kasuku wa Buguruni

Duh. Hiyo ya shuka imenikaa vibaya.

#16 Kijiwe Nongwa

Wakili kuuawa na mteja wa upande wa pili nilijua ni ndoto ya wateja wengi, sikujua kuna waliotimiza. Pole msomi.

#17 Mwalimu Historia

Wakili amegusa penyewe bila kupataja jina. Mwanahistoria Charles Plummer mwaka 1885 aliupa mfumo huu jina la kuutukana, akimaanisha ni umwinyi uliozaliwa nje ya ndoa. Zamani mwinyi alimpa mtu ardhi, naye akamtumikia vitani. Sasa analipwa kwa fedha ya mwaka, anapewa sare na beji, na akipata kesi bwana wake anambeba. Kesho akipata dau kubwa anahama. Ni majeshi ya kukodi ya wapambe.

#18 Binti Pangani

Kwa Kiswahili tuuite nini? "Umwinyi mwanaharamu" umekaa kimatusi.

#19 Kijiwe Nongwa

Umwinyi wa mchepuko.

#20 Mwalimu Historia

Naomba Mod amfungie #19. Mimi darasani natumia "umwinyi wa malipo".

Ila niwaonye: baada ya Plummer alikuja K. B. McFarlane akaligeuza jambo. Anasema mfumo wenyewe haukuwa balaa. Ulikuwepo miaka mingi na nchi ilikwenda. Kukiwa na mfalme imara, wapambe hao hao ndio waliomtafutia askari wa kwenda kupigana Ufaransa. Kwa hiyo tukiulaumu mfumo, tueleze kwa nini ulilipuka miaka ya 1450 na siyo 1415.

#21 Daktari wa Zamu

KWA SABABU MFALME ALIKUWA MGONJWA. Asante mwalimu, tumerudi kwangu.

#22 Mjeda Pensheni

Hapana. Kwa sababu vita vya Ufaransa viliisha. Tarehe 17 Julai 1453 Waingereza walichapwa Castillon, mkongwe wao John Talbot akafia pale. Majuma matano baadaye Egremont yupo barabarani Heworth. Mwanajeshi akirudi hana vita, hana mshahara, anachojua ni upinde tu, unafikiri atalima kabichi?

#23 Mgeni wa Yorkshire

Mjeda, wazo zuri, ila majuma matano kutoka karibu na Bordeaux mpaka York ni mwendo wa ajabu kwa jeshi lililovunjika. Na kama nilivyosema #3, baadhi ya wale wa Heworth walikuwa watu wa hapa hapa. Castillon iliwavunja moyo wakubwa, sawa. Haikujaza barabara ya Heworth.

#24 Mjeda Pensheni

Normandy, jimbo la Waingereza kule Ufaransa, ilianguka 1450, hao walikuwa na miaka mitatu ya kutembea.

#25 Mama Chapati

Naomba niongee habari ya wanawake kidogo, maana hapa ni mikuki tu. Huko Norfolk kulikuwa na familia ya Paston, barua zao zimehifadhiwa. Mwaka 1448 Lord Moleyns aliwanyang'anya nyumba ya Gresham. Mume yuko London kwenye kesi, Margaret amebaki nyumbani. Anamwandikia mumewe amtafutie pinde za mtambo na mishale yake, kwa sababu dari ni fupi, upinde mrefu hauwezi kuvutwa ndani. Halafu barua hiyo hiyo, chini, anasema pia amletee lozi na sukari, na kitambaa cha magauni ya watoto.

Mimi nikiwa na duka nilishawahi kumtumia mume wangu orodha ya kufuli, mnyororo, tochi na royco. Nilimwelewa huyu dada kwa kila neno.

Januari 1450 wakamjia watu elfu moja kwa hesabu ya Paston wenyewe, wakachimba ukuta wa chumba alichokuwemo, wakambeba wakamtoa nje.

#26 Kasuku wa Buguruni

Mama Chapati umeua. Lozi na mishale kikapu kimoja.

#27 Wa Nakuru

Wadau wa Bongo, mimi ni wa Kenya, nimefuata harufu. Kesi yetu ya shamba ina miaka 27, nikadhani tuna rekodi. Kumbe akina Berkeley! Lord Berkeley alikufa 1417 akaacha binti, na mpwa wa kiume akataka ngome. Vizazi vyao wakaandikiana barua za matusi, wakapangiana siku kama watu wa ngumi, na tarehe 20 Machi 1470 wakakutana Nibley Green, Gloucestershire. Kijana Viscount Lisle, miaka kama 20, akainua kinga ya uso, akala mshale. Watu kama 150 wakafa. Inasemekana ndiyo vita vya mwisho Uingereza vya majeshi binafsi. Na kesi yenyewe iliendelea mpaka 1609. Miaka 192! Wakili #14, hao wenzako walisomesha watoto wangapi?

#28 Wakili Msomi

Vizazi sita kwa makadirio ya kitaalamu. Hatukatai kazi.

#29 Mzee wa Makabrasha

Nimetoka shamba, nakuta uzi umenenepa. Asanteni.

Nijibu wale wanaosema harusi ni cheche tu. Angalieni St Albans, 22 Mei 1455, pale vita vinapohesabiwa kuanza. Ilikuwa mapigano mafupi ya mtaani, mfalme mwenyewe kachubuliwa shingo na mshale. Waliokufa wakubwa ni watatu: Somerset, adui wa Duke wa York, Northumberland, baba yake Egremont, na Clifford, mshirika wa Percy. Walipouawa hao, mapigano yakazimika. Hiyo siyo vita ya kiti, York siku ile hakudai kiti. Ni orodha ya madeni. Na Neville waliegemea kwa York kwa sababu York alipokuwa Mlinzi wa nchi, mfalme akiwa mgonjwa, ndiye aliyewasaidia dhidi ya Percy. Walimkamata Egremont Stamford Bridge mwaka 1454, akatozwa fidia ya zaidi ya pauni 11,000, hana, akatupwa gereza la Newgate. Miaka miwili baadaye akatoroka.

#30 Mhasibu Mstaafu

Somerset naye alichukiwa kwa sababu ya kuipoteza Normandy na kulipwa kabla ya York, ambaye alikuwa anaidai hazina mamilioni ya leo. Narudia: malimbikizo.

#31 Shemeji wa Marangu

Halafu wakajaribu kusuluhishwa. Machi 1458 mfalme amepata nafuu, anaita wote London. York, Salisbury na Warwick, mtoto wa Salisbury, wanapangiwa kulipa pauni 45 kila mwaka kwa abasia ya St Albans, misa zisomwe kwa marehemu. Egremont anawekewa dhamana akae kwa amani na Neville miaka kumi. Kisha wanaandamana kwenda kanisa la Mtakatifu Paulo wameshikana mikono wawili wawili: Malkia Margaret na York, Salisbury na kijana wa Somerset aliyeuliwa baba.

Nilikaa kwenye vikao vya namna hiyo. Mzee anasema shikaneni mikono, watu wanashikana, picha inapigwa. Ukitazama picha vizuri kila mtu anaangalia pembeni.

#32 Daktari wa Zamu

Mwaka uliofuata wakaanza tena. Suluhu ya mgonjwa.

#33 Mjeda Pensheni

Mnasahau uasi wa Jack Cade. 1450 watu wa Kent waliingia London bila mwinyi yeyote mbele yao. Hata wananchi walikuwa wamechoka.

#34 Mwalimu Historia

Cade afunguliwe uzi wake, huu tutaukamua.

#35 Kasuku wa Buguruni

Jamani nimeuliza tangu #2. Bwana harusi alipona?

#36 Binti Pangani

Alipona siku ile. Egremont aliuawa kwenye vita vya Northampton, Julai 1460, kando ya hema la mfalme. Bwana harusi Thomas aliuawa Wakefield, Desemba mwaka huo huo. Baba yake Salisbury alikamatwa hapo akakatwa kichwa Pontefract. Machi 1461 Towton, kwenye theluji, wakafa ndugu wawili wa Egremont, mmoja akiwa ndiye Earl mpya. John Neville, aliyekuwa kwenye msafara, akapewa hata cheo chao cha Northumberland mwaka 1464. Akanyang'anywa 1470, akarudishiwa Percy, na John akafa Barnet 1471.

Maud alikuwa mjane wa mtu mwingine kabla ya Thomas. Akaolewa mara ya tatu na Gervase Clifton, naye akakatwa kichwa baada ya Tewkesbury, 1471. Yeye akaishi mpaka 1497.

#37 Mama Chapati

Waume watatu, wote kawazika. Nataka kusoma barua za HUYO.

#38 Kijiwe Nongwa

Na ile Wressle iliyoleta yote, nani alibaki nayo?

#39 Mgeni wa Yorkshire

Percy. Mwanzoni mwa miaka ya 1500 Earl wao wa tano alikuwa anakaa pale kama kwake. Nilipita mwaka jana nikiwa na wanangu. Ngome imebaki upande mmoja tu, wa kusini, minara miwili na madirisha matupu, na mashamba pembeni. Mvua ikatunyeshea tukala chipsi kwenye gari.